Rio Mavuba: alizaliwa baharini wakati wa vita, akawa kapiteni wa mabingwa

Leo tunaweka kando habari za barabara, za bei ya muhogo na za usalama. Tunaleta historia ya mtu wa mpira. Jina lake ni Rio Mavuba. Alicheza katikati ya uwanja kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi, katika Ufaransa, Hispania na Ucheki. Alivaa kitambaa cha kapiteni, akainua vikombe, akafika mpaka Kombe la dunia.

Wachezaji wenye damu ya Kongo waliong'aa Ulaya ni wengi, na kila mmoja angeweza kupewa ukurasa wake. Tumemchagua huyu kwa sababu maisha yake yalianza mahali ambapo maisha ya watoto wengi wa Tshopo yameanza: njiani, wazazi wakitafuta usalama, bila kujua kesho watalala wapi.

Hati isiyo na nchi

Tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka wa 1984, mama mmoja Mwangola alijifungua mtoto wa kiume ndani ya chombo, katikati ya bahari, mahali ambapo maji si ya nchi yoyote. Angola ilikuwa vitani. Ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza mwaka wa 1975, Wareno walipoondoka, na haikuisha mpaka mwaka wa 2002. Hati ya kuzaliwa ya mtoto huyo haikutaja mji wala nchi. Iliandikwa tu kwamba amezaliwa baharini.

Sisi watu wa Kisangani hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Sisi ni watu wa mto. Tunazijua zile mashua kubwa za mbao zinazopanda kutoka Kinshasa kwa majuma mengi, zimejaa watu, magunia na mbuzi, na tunajua kwamba uchungu wa mama haungoji chombo kifike bandarini. Wakubwa wanakumbuka vita ya siku sita ya mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu na watu wakakimbia huku na huko. Na hakuna aliyesahau mwaka wa 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipowaka kwenye ukingo wa kushoto: familia nyingi zilivuka mto kutoka Lubunga, mikeka kichwani, watoto mgongoni.

Lakini kuna tofauti moja. Ukivuka mto wetu, upande huu ni Kongo na upande ule ni Kongo. Mtoto akizaliwa katikati ya maji, bado ana nchi. Rio hakuwa na hata hilo. Alikulia Ufaransa akiwa mkimbizi, na uraia wa nchi hiyo aliupata mwaka wa 2004, akiwa kijana wa miaka ishirini ambaye tayari alikuwa anacheza ngazi ya juu. Yaani mguu wake ulijulikana kabla karatasi zake hazijatengenea.

Baba aliyevaa jezi ya Leopards

Mtu akiuliza mtoto huyu aliutoa wapi mpira, jibu liko Kinshasa. Baba yake, Mafuila Mavuba, ambaye watu walimwita Ricky, alikuwa mchezaji wa AS Vita Club. Yeye pia kazi yake ilikuwa katikati ya uwanja.

Wasiokuwa wamezaliwa wakati ule waelezwe kidogo. Mwaka wa 1973, Vita Club ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika kwa kuishinda Asante Kotoko ya Ghana. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo huo, Leopards waliipiga Morocco mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa, na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufuzu kwa Kombe la dunia. Mwezi wa tatu mwaka wa 1974, kule Misri, Leopards wakachukua na Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2 kwa 2, ikabidi irudiwe, wakashinda 2 kwa 0. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika shindano hilo moja, na hadi leo hakuna aliyempita.

Mafuila Mavuba alikuwa mmoja wa wale 22 waliopelekwa Ujerumani Magharibi mwezi wa sita wa mwaka huo. Yaliyotokea kule, wazee wetu wanayataja kwa kupunguza sauti. Uskoti 2, Zaire 0. Yugoslavia 9, Zaire 0. Brazili 3, Zaire 0. Hakuna bao hata moja la kupeleka nyumbani. Wachezaji walieleza baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba kabla ya kukutana na Yugoslavia walikuwa wamefikia hatua ya kukataa kuingia uwanjani.

Mabingwa hao wa Afrika walirudi nyumbani kimya kimya. Baada ya miaka michache wengi wao walisahauliwa, na baadhi wakafa maskini. Ndaye Mulamba mwenyewe alipigwa risasi ya mguu mwaka wa 1994, akaishia Afrika ya Kusini, akiishi kwa shida. Mwaka wa 1998, katika Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea, kumbe yeye yuko hai. Alifariki kweli mwaka wa 2019, huko huko Afrika ya Kusini.

Tunayataja haya ili jambo moja lieleweke. Watu wakisema, «Kwa nini watoto wetu wanachezea nchi za watu?», swali la kwanza lingekuwa: sisi tuliwatendea nini baba zao? Ricky Mavuba alikuwa na kipaji, alikuwa na jina, na alikuwa amevaa jezi ya taifa katika Kombe la dunia. Hata hivyo mtoto wake alizaliwa ndani ya maji ya mbali, akaandikishwa kama mtu asiye na kwao.

Yatima wa Bordeaux

Familia ilikaa Mérignac, karibu na mji wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mama yake alifariki Rio akiwa mdogo sana. Baba naye akafariki katika miaka ya 90, kabla ya kumwona mwanawe katika timu kubwa. Mtoto akabaki na mpira.

Aliingia katika shule ya mpira ya Girondins de Bordeaux. Hapo ndipo tunapoona faida ya mahali palipotulia. Kipaji peke yake hakikutosha. Palikuwa na uwanja wenye nyasi, walimu wanaokuja kila siku, chakula, daktari na shule. Mtoto yatima na mkimbizi aliwekwa katika mpango unaojua kesho utafanya nini. Alipofika miaka kumi na tisa, alikuwa tayari anacheza na wakubwa.

Mwezi wa nane mwaka wa 2004, timu ya taifa ya Ufaransa ilimwita na kumchezesha dhidi ya Bosnia. Wako Wakongomani waliosikitika. Kwa damu ya baba yake angeweza kuwa Leopards. Lakini nchi iliyompa karatasi, shule na uwanja ilikuwa imeshamfunga kwa kamba zake, na hatuwezi kumlaumu kijana kwa kuvaa jezi ya mahali alipolelewa.

Bordeaux aliinua nayo kikombe mwaka wa 2007, kile cha Coupe de la Ligue, kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Lyon. Mwaka huo huo Villarreal ya Hispania ilimnunua. Kule mambo hayakwenda vizuri. Alicheza kidogo, na baada ya nusu mwaka tu, mwezi wa kwanza wa 2008, akarudishwa Ufaransa kwa mkopo katika timu ya Lille. Wengi wangefikiri kazi yake imeanza kushuka. Kumbe alikuwa amefika mahali pake.

Mtu wa katikati anafanya nini?

Katika viwanja vya mchanga vya Mangobo, Kabondo na Tshopo, ukimwuliza mtoto anataka kucheza nafasi gani, wengi watasema mbele. Kila mmoja anataka kufunga. Kwa hiyo tueleze kidogo kazi ya Mavuba, kwa maana mtu anaweza kumtazama dakika tisini asione alichofanya.

Fikirini mtumbwi wa Wagenia kwenye maporomoko. Mgeni akija kutazama, macho yake yanakwenda kwa yule anayepambana na mtego, anayetoa samaki mkubwa. Lakini yuko mwingine nyuma, anayeshika kasia na kusoma maji. Akikosea kidogo, samaki hapatikani na watu wanazama. Mtu wa katikati anayelinda ni huyo wa nyuma. Anasimama mbele ya mabeki, anaona hatari kabla haijafika, ananyang'anya mpira, kisha anampa aliye karibu bila maringo. Wa mbele akipoteza mpira, yeye ndiye anayeziba. Beki akipanda, yeye ndiye anayebaki.

Claude Makelele, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1973 na kuchezea Real Madrid na Chelsea, aliifanya nafasi hiyo ijulikane dunia nzima. Mavuba alikuwa wa aina hiyo. Hakuwa mrefu, hakuwa na nguvu za kutisha, na mabao yake katika kazi nzima ni machache. Alikuwa na mapafu, na alikuwa na akili ya kuona. Ndiyo sababu makocha walimpa kitambaa cha kapiteni: anayesimama katikati anawaona wote, na wote wanamsikia.

Mwaka wa 2011

Lille ni mji wa kaskazini, karibu na mpaka wa Ubelgiji, mji wa viwanda vya zamani. Timu yao, LOSC, haikuwa imechukua ubingwa wa Ufaransa tangu mwaka wa 1954. Wazee wa kule walikuwa wanasimulia ubingwa huo kama sisi tunavyosimulia 1974.

Katika msimu wa 2010-2011, kocha Rudi Garcia alikuwa na kundi la vijana wazuri. Mbele alikuwepo Eden Hazard, Mbelgiji aliyekuwa na miaka ishirini tu, pamoja na Gervinho wa Côte d'Ivoire na Moussa Sow wa Senegal, ambaye mwaka huo alikuwa mfungaji bora wa Ufaransa kwa mabao 25. Nyuma yao, katikati, walikuwepo Yohan Cabaye, Florent Balmont na kapiteni wao, Rio Mavuba.

Tarehe 14 mwezi wa tano, Lille iliishinda Paris Saint-Germain bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Ufaransa. Bao lilikuja mwishoni kabisa, kwa mpira wa adhabu uliopigwa na Ludovic Obraniak. Baada ya juma moja, tarehe 21, wakarudi Paris kucheza na timu ile ile katika ubingwa, wakatoka 2 kwa 2, na pointi hiyo moja ikatosha kuwapa taji. Vikombe viwili katika siku nane. Miaka 57 ya kungoja ikaisha.

Aliyekuwa kapiteni wa timu hiyo ni yule mtoto ambaye hati yake haikuwa na nchi. Mji mzima wa Lille ulimshika kama mtoto wake. Alikaa kule zaidi ya miaka tisa, akacheza Ligi ya mabingwa, akaona timu ikihamia uwanja mpya mwaka wa 2012, na hakukimbilia mahali pengine kila pesa zilipoitwa. Pengine mtu aliyezaliwa safarini, akipata mahali pa kukaa, anajua thamani yake kuliko aliyekuta nyumba imeshajengwa.

Kongo hakuisahau. Alianzisha shirika linaloitwa Les Orphelins de Makala kwa ajili ya mayatima wa Kinshasa. Makala ni komine ya Kinshasa. Yatima wa Mérignac alikumbuka yatima wa kwa baba yake.

Miaka arobaini baada ya baba

Timu ya Ufaransa ilikuwa imemwacha kando kwa miaka kadhaa. Kisha kocha Didier Deschamps akamrudisha, na mwaka wa 2014 akamweka katika kundi la kwenda Kombe la dunia, kule Brazili. Tarehe 15 mwezi wa sita, mjini Porto Alegre, Ufaransa ilicheza na Honduras ikashinda 3 kwa 0. Katika kipindi cha pili, Mavuba aliingia kuchukua nafasi ya Cabaye, mwenzake wa zamani wa Lille.

Zilikuwa dakika chache, na magazeti ya siku ile yaliandika zaidi juu ya mabao ya Benzema. Sisi tuhesabu kwa njia yetu. Mwezi wa sita 1974, Mavuba baba alikuwa Ujerumani na jezi ya Zaire. Mwezi wa sita 2014, Mavuba mwana alikuwa Brazili na jezi ya Ufaransa. Miaka arobaini kamili. Katikati yake kuna vita, bahari, makaburi mawili, karatasi ya mkimbizi na viwanja vingi vya mazoezi. Kwa jumla aliichezea Ufaransa mechi 13.

Praha, na mtoto mwingine wa mchezaji

Mwaka wa 2017, kocha mpya wa Lille, Marcelo Bielsa, hakumweka katika mipango yake. Ndivyo mpira ulivyo: hata kapiteni wa ubingwa anaonyeshwa mlango. Mavuba akiwa na miaka 33 akaenda Ucheki, katika timu ya Sparta Praha.

Ucheki ni nchi ndogo, lakini kwa watu wa katikati ya uwanja ni nchi kubwa. Josef Masopust, mtu wa katikati, alipewa Mpira wa dhahabu wa Ulaya mwaka wa 1962, baada ya kuifikisha Chekoslovakia kwenye fainali ya Kombe la dunia. Pavel Nedvěd, aliyepitia Sparta kabla ya kwenda Italia, akaupata naye mwaka wa 2003. Na Mavuba alipofika Sparta, alimkuta pale Tomáš Rosický, naye mtu wa katikati, naye anamaliza kazi yake.

Tusimame kidogo kwa hawa wawili, kwa maana ukiwaweka pamoja unaona jambo kubwa. Rosický alizaliwa Praha mwaka wa 1980. Baba yake, Jiří, alikuwa mchezaji wa Sparta. Mtoto alikulia katika timu ya baba yake, akauzwa Ujerumani kwa Borussia Dortmund mwaka wa 2001, akaenda Arsenal ya Uingereza mwaka wa 2006 na kukaa kule miaka kumi, majeraha yakimsumbua sana. Mwaka wa 2016 akarudi Sparta. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2017 akatangaza kwamba mwili umekataa, akaacha mpira akiwa nyumbani, mbele ya watu waliomjua tangu utoto na waliomjua baba yake.

Mavuba naye alikuwa mtoto wa mchezaji. Naye alirithi nafasi ya baba yake uwanjani. Lakini timu ya baba yake ilikuwa Vita Club, mbali sana, katika nchi ambayo hakuwahi kuishi. Kwake hapakuwa na mlango wa kurudia. Alicheza Praha msimu mmoja, akawa amefikia mwisho wa kucheza, kisha akarudi Lille, mji uliomfanya kapiteni, kufundisha vijana.

Watoto hawa wawili wote walirithi mguu wa baba. Mmoja alirithi na nyumba, mwingine hakuirithi. Tofauti hiyo haikuletwa na kipaji. Nchi moja ilikaa mahali pake, nyingine ikawatawanya watu wake.

Si yeye peke yake

Msifikiri hii ni habari ya zamani tu. Eduardo Camavinga, anayecheza katikati ya uwanja katika Real Madrid, alizaliwa mwaka wa 2002 katika kambi ya wakimbizi kule Cabinda, Angola, kwa wazazi Wakongomani. Familia ilikwenda Ufaransa akiwa mdogo sana, ikakaa Fougères. Mwaka wa 2013 nyumba yao iliungua na vyote vilivyokuwa ndani. Mwaka wa 2019, akiwa na miaka kumi na sita, alianza kucheza na wakubwa wa Rennes, na mwaka huo huo akapata uraia wa Ufaransa. Angola na Kongo, vita na kambi, karatasi na uwanja: historia ile ile imejirudia baada ya miaka kumi na minane.

Na iko historia nyingine, chungu zaidi, inayoonyesha hatari ya karatasi zisizo sawa. Silas, mshambuliaji Mkongomani aliyetoka Kinshasa na kufika Stuttgart ya Ujerumani, alicheza kwa miaka chini ya jina la Wamangituka, na mwaka mmoja umepunguzwa katika umri wake. Mwaka wa 2021 alijitokeza mwenyewe kusema ukweli: jina lake ni Katompa Mvumpa, na aliyekuwa wakala wake ndiye aliyempangia yale, akamweka chini ya mamlaka yake. Shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30.000. Kijana asiyeshika hati zake mkononi, mwingine atamshikia, na atakayemshikia atamwamuru.

Kwetu hapa Tshopo

Sasa turudi kwa watoto wetu. Kwenye viwanja vya Kisangani wako wanaotaka kuvaa jezi ya TS Malekesa, ya AS Makiso au ya AS Nika, na kuingia siku moja Uwanja wa Lumumba watu wakiwashangilia. Kati yao wako watoto wa familia zilizovuka mto, na za wengine waliokuja kutoka mbali zaidi. Hatutawadanganya wazazi: kwa kila Mavuba mmoja wako wengi waliocheza vizuri na hawakufika popote. Shule isiachwe kwa sababu ya mpira. Na mtu akija kuomba pesa akisema ana nafasi ya majaribio Ulaya, mwulizeni maswali mengi, na msimpe hati ya mtoto akaondoka nayo.

Jambo ambalo kila mzazi anaweza kulishika ni hili la karatasi. Sheria ya familia ya nchi yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inatoa siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto katika ofisi ya etasivili, na ndani ya siku hizo hati hailipiwi. Mama aliyejifungulia katika kituo cha afya aombe kile cheti cha kuzaliwa wanachoandika pale, akitunze mahali pakavu. Siku 90 zikipita, mlango haujafungwa, lakini njia inakuwa ndefu: inapita katika tribinali ya watoto, inayotoa hukumu ya kuchukua nafasi ya hati iliyokosekana. Aliyezaliwa njiani, aliyezaliwa porini, aliyezaliwa chini ya turubai, wote wana haki hiyo hiyo.

Hati haitamfanya mtoto acheze vizuri. Lakini inasema mambo matatu ambayo vita inapenda kuyafuta: huyu ni nani, wazazi wake ni nani, kwao ni wapi. Rio Mavuba alisubiri miaka ishirini ili nchi moja imjibu maswali hayo, na jibu alilopata lilikuwa Ufaransa. Watoto wa Lubunga, wa Opala na wa Ubundu wana jibu tayari, ni Kongo. Linabaki kuandikwa.

Baba na mama mlio katika hifadhi, watoto wakifunga mpira wa mifuko na kamba jioni, watazameni. Huenda mmoja wao hapigi mashuti makubwa wala hafungi mabao. Anakimbia tu katikati, anaziba, anapokonya, anampa mwenzake. Msimcheke. Huyo ndiye anayeshika kasia.